Kambale Tisa wa Ramazani

Siku tulipomzika Ramazani Lukumani, pale Beni, watu walijaa mpaka barabarani. Malachie, yule tajiri wa kahawa, aliomba kusema. Akasimama na viatu vyake vinavyong'aa, akasema: "Miye na mzee tulitembea pamoja. Tuliteseka pamoja." Kisha akajipangusa jicho kwa leso nyeupe, na jicho lenyewe kavu. Mimi nilikuwa kwenye mkeka na wanawake wenzangu, nikaona mate yananijaa mdomoni. Ningekuwa njiani ningetema. Kwa kuwa ni nyumba ya kilio, nikameza.

Bado nayasikia mate yale kooni, ndiyo maana naandika. Naitwa Godelive Kavira, mzaliwa wa Kipese, kule juu kwenye viazi na baridi. Masista walinifundisha kuandika, na kwa sababu hiyo nikawa karani wa Ramazani katika safari zake za miguu kati ya Butembo na Beni, mwaka wa sitini na tano. Mambo yale nayajua kwa kuwa niliyaandika mwenyewe, na moja nililiandika vibaya. Nina hasira. Asiyependa hasira aende akamsikilize Malachie.

Ramazani alikuwa dereva wa kamio, yaani lori. Mfupi, masikio makubwa, suruali imefungwa kwa kamba. Madereva wenzake walimcheka kwa sababu alisimamisha gari ili mbuzi wavuke, na kila kona alipiga honi hata kama barabara ni tupu.

"Unamupigia nani? Majini?" walimwuliza.

"Namupigia mutu mwenye sijamuona bado," alijibu, na hakucheka.

Uhuru ulipokuja, Mbelgiji mwenye kamio lile alikimbilia Uganda akamwachia. Watu wakasema Mungu amemkumbuka Ramazani. Miaka minne tu. Mwaka wa sitini na nne waasi wakaingia, wakachukua magurudumu kwa ajili ya mapinduzi. Kisha jeshi likaja kuwafukuza waasi, likachukua injini kwa ajili ya usalama wetu. Hawa na wale walimpa mkono na kumwita ndugu. Mabaki yakakaa nyuma ya nyumba yake ya Bungulu, pale Beni, na kuku wakawa wanatagia kwenye kiti cha dereva.

Magari ya raia yalikuwa yamekwisha, basi watu walitembea. Butembo mpaka Beni ni kilomita hamsini na kitu, siku mbili kwa mtu mwenye mzigo. Wanawake wa kwetu hubeba mgongoni, kamba ya mzigo ikipita kwenye paji la uso. Ukiwa na kamba ile huwezi kugeuza kichwa. Unaona vidole vyako na hatua tano za barabara, basi. Gari likija nyuma yako unalisikia tu, na kwenye mlima wa Kabasha, upepo ukivuma, hulisikii.

Halima, mke wa Ramazani, alikuwa akipeleka vitunguu Beni. Alijifunza kubeba kama sisi. Mwisho wa mwaka ule, kamio la askari lilimkuta kwenye kona ya Kabasha, upande wa kulia, mgongo wake ukiwaelekea. Dereva alikuwa amejaa kasiksi, ile pombe ya ndizi. Hawakusimama. Waliosimama ni wapita njia, na walisimama ili waokote vitunguu. Nakuomba usipite haraka hapo. Vitunguu vile viliokotwa na watu wetu, si na askari, na jioni viliungwa kwenye maharage ya mtu.

Ramazani alipomaliza kuzika alikwenda bureau moja ya serikali pale Butembo kuulizia kifo kile, ndipo nilipomwona mara ya kwanza. Nilikuwa kwenye benchi nikingoja karatasi yangu. Karani aliitwa Gérard. Alikuwa na tabia moja: wino ulikuwa umekauka, basi kabla ya kupiga muhuri aliutemea mate. Mate mazito, yenye vipande vya karanga. Tulipokea karatasi zikiwa bado zimelowa, tukasema asante.

"Marehemu alikuwa na laissez-passer?" Gérard akauliza.

"Hapana."

"Donc alikuwa anatembea bila ruhusa. Iko infraction, mzee. Kama angekuwa muzima, tungemukamata."

Akatemea muhuri, akapiga karatasi ya mtu mwingine. Nilitazama mikono ya Ramazani, nikidhani atamkaba. Hakumkaba. Alisimama pale mpaka Gérard akamaliza karanga zake, kisha akauliza: "Na kama mutu iko na ruhusa?"

"Iko na ruhusa, iko mutu wa serikali. Barabara ni yake."

"Sasa unipe ruhusa ya batu bengi kwa mara moja. Bote kwa karatasi moja, na miye njo responsable."

Gérard alicheka, lakini sheria ya kundi lenye msimamizi mmoja ilikuwepo, na Ramazani aliijua, maana dereva wa zamani alilazimishwa kuijua kwa kiboko. Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Siku ya tano Gérard alichoka kumwona, akakubali. Ramazani akatugeukia tuliokuwa bado tunangoja kwenye benchi, akauliza nani anajua kuandika vizuri, nami nikainua mkono kama mjinga niliyekuwa.

Hivyo ndivyo safari zilivyoanza, kila Alhamisi. Tulikusanyika Kimemi, pale Butembo, au kwake Bungulu wakati wa kurudi, asubuhi mapema. Hakuchukua kitu kwa mtu. Aliwatazama watu kama alivyokuwa akitazama kamio kabla ya kuondoka: miguu, kamba, mzigo. Mwenye shati la kaki alirudishwa akabadilishe, maana kaki ilikuwa ya askari, na kwa raia ilikuwa kifo. Mwenye chupa ya kasiksi aliimwaga mbele ya wote. Tulitembea upande wa kushoto, mmoja nyuma ya mwenzake, ili gari likija tulione uso kwa uso, hata sisi wenye kamba kwenye paji. Mbele alikwenda yeye na kitambaa cheupe kwenye fimbo. Nyuma alikwenda mtu wa kitambaa chekundu, alichokirarua kwenye kitenge cha Halima. Kila daraja tulisimama, nikahesabu vichwa kwa orodha yangu. Mwenye haja ya kuingia porini alisema kwanza, hata kama ni haya.

Watu walinung'unika. "Huyu Muislamu anatufanya batoto ya masomo," walisema. Lakini walikuja, kwa sababu miezi minne mizima hakuna mtu wa Ramazani aliyegongwa, wala kupotea, wala kuchapwa kwenye bariere, vile vizuizi vya askari barabarani. Kwenye bariere alivua kofia, akatoa karatasi yenye mate ya Gérard, akasema: "Bonjour chef. Batu arobaini na mmoja, bote kwa sheria." Askari walihesabu, wakachoka, wakatupitisha.

Sheria ya kitambaa chekundu ilikuwa moja tu, nayo aliirudia kila Alhamisi mpaka tukaijua kama sala: mwenye nyekundu anavuka wa mwisho. Mtu yeyote akizuiliwa, mwenye nyekundu anabaki naye, anauliza kosa ni nini, na anaendelea kuuliza mpaka ajibiwe. "Mutu hapana na mwenye kumuulizia," alisema, "njo kusema alikwisha kupotea."

Sasa niseme kosa langu. Kwetu Wanande, jina la kwanza la mtoto linafuata zamu yake ya kuzaliwa. Mvulana wa pili ni Kambale. Nyumba yenye wavulana wawili ina Kambale wake, na kijiji chenye nyumba mia fanya hesabu mwenyewe. Ndiyo maana tuna jina la ubatizo na jina la baba, ili tujuane. Lakini wakati wa waasi tulijifunza kuyaficha yale ya ubatizo. Mwenye kuitwa Edmond au Malachie alionekana msomi, mtu wa wazungu, na kwenye bariere zao msomi hakwenda mbali. Kwa hiyo watu waliniambia jina la zamu tu, nami niliandika la zamu tu. Waasi walikuwa wameondoka miezi mingi, ila hofu yao ilikuwa bado inaniandikia. Alhamisi moja ya mwezi wa tano orodha yangu ilikuwa na Kambale tisa, wamefuatana.

"Umeandika yote, mwanangu?" Ramazani aliniuliza.

"Yote, baba."

Aliniamini. Hakusoma vizuri, na mimi nilikuwa na mwandiko wa masista.

Katika wale tisa alikuwemo Edmond, ndugu yangu wa tumbo moja. Alikuwa anakwenda Beni kuanza kazi ya ualimu, amevaa viatu vipya, na Ramazani alimpa kitambaa chekundu kwa heshima ya elimu yake. Alikuwemo Malachie, wakati ule bado mwembamba. Na alikuwemo mtu mmoja wa Kipese aliyezaliwa bila kusema. Tulimwita Bubu, na hakuna aliyejisumbua kumpa jina lingine.

Siku ya pili, kilomita kumi na mbili kabla ya Beni, tukakuta bariere mpya. Gogo juu ya mapipa mawili, na nyuma yake zizi la mbuzi waliokuwa wameliwa zamani. Palinuka kinyesi, mafuta ya bunduki na nyama iliyooza. Nzi walitoka kwenye vidonda vya mbwa wakaja kwenye midomo yetu. Luteni wa pale alikuwa mtu wa mbali, asiyejua habari zetu. Alikuwa anakata kucha za miguu kwa kisu, na kisu kile kile alikitumia kukata nanasi. Kwenye mfuko wake alikuwa na karatasi yenye jina la mwasi anayetafutwa. Jina lilikuwa moja tu: Kambale.

Alisoma orodha yangu mara mbili. Wanawake akatupitisha, tukasimama ng'ambo ya gogo. Wanaume akawabakiza.

"Kambale nani? Telema!" akapiga kelele kwa kilingala chake, maana yake simama.

Tisa wakasimama.

"Munanicheka? Chef yabo Kambale, na hawa bote Kambale? Iko kikosi hii!"

Ramazani alivua kofia. "Mon lieutenant, hii hapana kikosi. Kwa Banande, Kambale ni mutoto mwanaume wa pili. Kila moja iko na jina ya baba yake. Ubaulize tu."

Nitasema kweli, luteni alikuwa tayari kuuliza. Aliweka kisu chini. "Bon," akasema. "Kila moja aseme baba yake, na mwingine aseme kama anamujua. Mais kama unasema unamujua, na yeye iko muasi, unaingia naye mule ndani." Akaonyesha lile zizi.

Walikuwa wamezaliwa kijiji kimoja, wengi wao. Walikuwa wamecheza pamoja, wameoana, wamekula bugali kwenye sahani moja. Malachie na Edmond walibatizwa siku moja. Luteni akamwonyesha Malachie: nani anamjua huyu? Kimya. Akamwonyesha Edmond: nani anamjua huyu? Edmond akamtazama Malachie, Malachie akatazama viatu vya Edmond. Tisa walinyamaza, na mwenye sababu ya kunyamaza alikuwa mmoja tu. Bubu ndiye peke yake aliyejaribu. Alimgusa Edmond begani, akajigusa kifua, akatoa sauti yake ile. Askari mmoja alimpiga na kitako cha bunduki kwa kelele hizo.

Na mimi? Nilikuwa ng'ambo ya gogo, hatua kumi. Nilimjua Edmond kuliko mtu yeyote duniani. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mzaliwa naye alikuwa amefunga mdomo, anahesabu nzi.

Ramazani aliwatazama mmoja mmoja, akangoja. Alingoja kwa muda mrefu kuliko luteni. Kisha akasema: "Karatasi inasema miye njo responsable. Ukamate responsable. Bale bapite, na wewe uniandikie kama umenikamata. Njo sheria."

Luteni alicheka mpaka nanasi likamtoka mdomoni. Lakini jambo lile lilimpendeza, labda kwa sababu mtu mmoja ni rahisi kulinda kuliko tisa. Akageuza orodha yangu, akaandika nyuma yake kwa kifaransa kwamba amemzuia kiongozi wa kundi, akatia sahihi na tarehe. Ramazani akaomba nipewe mimi. Alipokuwa anaingizwa kwenye zizi, aligeuka. Nilidhani ataniambia neno la wosia.

"Uhesabu kwa daraja," akasema.

Kambale na wanaume wengine wakavuka. Edmond, mwenye nyekundu, ambaye ilimpasa abaki, alivuka wa kwanza. Si wa pili, wa kwanza. Alikifungua kitambaa kwenye fimbo yake, akakiacha kianguke. Nilimwona askari akikiokota kile kipande cha kitenge cha Halima, akakaa juu ya pipa, akapangusa kinyesi cha mbuzi kwenye buti zake. Nikatapika palepale barabarani, mzigo ukiwa bado mgongoni.

Darajani nilihesabu. Arobaini. Hakuna aliyeuliza kwa nini si arobaini na mmoja.

Bungulu niliwakusanya kabla hawajatawanyika. Nikawaambia kesho asubuhi turudi tukamwulizie. Malachie akasema: "Miye niko na batoto, dada." Mwingine akasema: "Turudi ili batukamate tena? Tuko bazimu?" Wengine walikuwa tayari wanauliza bei ya chumvi. Nikamgeukia Edmond. Alikuwa anafuta vumbi kwenye viatu vyake.

"Dada Godelive, wewe unajisumbua bure," akaniambia. "Ramazani ni Muislamu. Bale ba dini yake batamutafuta."

Mtu aliyekubali kulala kwenye zizi badala yake, naye anamkabidhi kwa watu wa dini yake kama mtoto aliyeokotwa. Asante ya punda ni mateke, lakini punda angalau anasimama pale anapokupiga, hajifichi nyuma ya msikiti. Nilimwambia asiniite dada tena.

Maneno mazuri hayo, sivyo? Sasa sikiliza mengine. Sikurudi kesho yake. Nilikuwa na viazi vya Kipese ambavyo vingeoza. Nikauza viazi siku ya kwanza, ya pili, na ya tatu. Kila jioni nilijiambia kwamba dada yake Ramazani, mama Sikitu, bila shaka amekwisha kwenda. Siku ya nne nikamkuta mama Sikitu sokoni. Alikuwa hajui chochote. Alidhani kaka yake yuko Butembo. Watu arobaini tulikuwa tumekaa siku tatu mji mmoja naye, na hakuna aliyempitia kumwambia.

Hakunigombeza. Alifunga kilemba chake vizuri, akasema: "Twende." Tukaomba karatasi kwanza, maana bila karatasi tungekuwa Halima wengine. Tulipokuwa tunatoka mjini tukasikia hatua nyuma yetu. Alikuwa Bubu. Shavu lake lilikuwa bado limevimba. Sijui nani alimweleza, au kama kuna aliyemweleza. Tukatembea watatu, upande wa kushoto.

Luteni alikuwa mahali palepale, na nanasi lingine. Nilimpa orodha, nikageuza nyuma yake, nikamwonyesha sahihi yake. Aliitazama kama mtu aliyeonyeshwa picha yake ya zamani.

"Ah, mzee wa bendera," akasema. "Kambale tulikuwa tunatafuta alikwisha kufa kitambo. Balinijulisha ile siku tu, mangaribi."

"Siku gani, chef?" nikauliza.

"Ile ile munapita. Nilitaka kumuachilia asubuhi yake. Mais hakuna mutu alikuja kuuliza." Akainua mabega. "Nikafikiri hana batu. Mutu hana batu, askari banamuchezea. Miye naweza kufanya nini?"

Aliyasema bila ubaya, na hapo ndipo nilipomchukia zaidi, kwa kuwa sikuweza kumwambia kwamba ni mwongo. Kama mmoja wetu angesimama mbele ya gogo lile asubuhi ya kwanza, na swali moja tu mdomoni, wangefungua.

Walimtoa. Alikuwa amefungwa siku nne kati ya kinyesi na nzi. Mchana walimfulisha nguo zao za ndani, wakiisha kuchoka wakampiga nyayoni kwa fimbo, kwa mchezo. Nyayo zilikuwa zimepasuka na kuoza, harufu ilimtangulia. Mama Sikitu alivua kilemba chake akakipasua vipande viwili kumfunga. Bubu alikwenda kwenye pipa, akachukua kile kitambaa chekundu kilichokuwa sasa rangi ya matope, mbele ya askari, na hakuna aliyemzuia. Akakifua mtoni njiani.

Ramazani alitutazama. Alisogeza midomo, nikajua anafanya nini, anahesabu.

"Muko batatu," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Na bengine? Banafuata nyuma?"

Niliikunja orodha. Alitazama barabara ya Beni kwa muda, mpaka alipoona hakuna vumbi wala mtu. Kisha Bubu akainama, akambeba mgongoni, kamba kwenye paji, kama mzigo wa viazi, mpaka Bungulu.

Wiki ya pili, Alhamisi asubuhi, nilikuta watu mbele ya nyumba yake. Walitaka kurudi Butembo. Nilitazama vizuri. Bubu alikuwa nyuma, na Kambale wanane wengine wamesimama mbele kabisa, wamewahi nafasi. Ramazani alikuwa amekaa kwenye kigoda karibu na kamio lake la kuku, miguu imefungwa vitambaa, fimbo ya kitambaa cheupe kwenye magoti.

"Leo tutaandika jina yote," akaniambia. "Ya zamu, ya dini, na ya baba."

Wakapita mmoja mmoja. Hapo sasa midomo ikafunguka! Kambale Malachie, mwana wa fulani, mjukuu wa fulani, wa kilima fulani, na huyu hapa namjua, na yule ni shemeji yangu. Walishuhudiana kwa sauti kubwa, wakicheka, asubuhi njema, hakuna bunduki. Malachie alimletea mzee papai. Kwa kinyaa nilikandamiza kalamu hata wino ukadondoka.

Mwisho, wote wakiwa wamempita, akaja Edmond, anarudi nyumbani kuchukua vitu vyake. Akasimama mbele yangu, hakutaja jina, alijua nalijua.

Nikaweka kalamu chini. "Huyu simwandiki," nikasema. "Baba Ramazani, nitaandika wote hawa, lakini huyu simwandiki. Alikuwa na nyekundu. Atembee peke yake, gari limkute."

Edmond akatazama viatu vyake, ambavyo sasa vilikuwa na nyufa. Nilingoja mzee aseme ndiyo. Moyoni nilitaka amfukuze, na nilitaka amfukuze kwa matusi, wote wasikie.

Ramazani aliegemea fimbo akasimama. Niliona damu ikitokeza kwenye kitambaa cha mguu wa kulia.

"Miye hapana sahau," akasema polepole. "Usifikiri nimesahau. Nikimuona huyu, roho inanigeuka kama yako. Mais siku nitaanza kuchagua nani apite na nani abaki, niko na bariere yangu. Nitatafuta gogo, nitatafuta pipa mbili." Akapumua. "Umuandike, mwanangu. Barabara ni ya batu bote."

Kitambaa chekundu akampa Bubu.

Nikachukua kalamu. Nikaandika: Kambale Edmond, mwana wa Sikuli, wa Kipese. Mzee akatangulia akichechemea, na kuchechemea kule hakukumtoka mpaka siku tulipomzika. Watu wakaanza kujipanga upande wa kushoto. Nilikuwa karani, na karani jina lake lilikaa juu ya orodha, peke yake, mbali na wengine. Alhamisi ile nilipaacha mahali pale patupu. Jina nililiandika chini, mstari mmoja baada ya Edmond: Kavira Godelive, binti wa Sikuli, wa Kipese.